DOA KWENYE SHATI LA MUME WANGU

Niliusukuma ule mlango kwa bega... nikawakuta wote wawili vifua wazi!

Mume wangu Castory kakaa ukingoni mwa kitanda, shati lake liko kwenye goti.

Mbele yake kasimama mwanamke kanipa mgongo. Kanga kaishusha mpaka kiunoni!

Saa nne asubuhi, jamani. Jua linawaka, watoto wa jirani wanacheza nje, na watu wazima wamevuana nguo humo ndani.

Na mkono wa huyo mwanamke ulikuwa kifuani kwa mume wangu. Unabonyeza taratibu... kama ni mume wake.

"CASTORY!"

Mnajua alifanya nini? Hakushtuka. Hakuruka dirishani kama wanaume wanaofumaniwa. Alinitazama tu kama mtu aliyechoka sana.

"Mama Bariki," akasema. "Funga mlango."

"Nifunge mlango ili mmalizie?!"

Kwenye stuli kulikuwa na bakuli la mawese, yanatoka moshi. Nikalibeba. Nikalinyanyua juu, nalenga ule mgongo...

Ngoja kwanza.

Kabla sijawaambia yale mawese yalimwagikia wapi, lazima mjue nilifikaje kwenye chumba kile, mtaa wa Kasingirima. Bila hivyo na nyie mtanihukumu kama ukoo wa mume wangu ulivyonihukumu.

Mimi naitwa Elida. Nauza dagaa mwaloni Katonga, Kigoma. Asubuhi nanunua wabichi mitumbwi ikifika, naanika, wakikauka nauza. Wanaonijua wanajua mdomo wangu hauna breki. Nikikukuta umepunja kipimo, Kigoma nzima itajua kabla ya adhuhuri.

Castory alikuwa kinyume changu. Mpole. Ukimkanyaga anakuomba radhi yeye.

Kazi yake ilikuwa kukamua mawese. Siyo kwa mashine za umeme. Ni lile pipa kubwa la kusaga mise iliyochemshwa, yaani matunda ya mchikichi, lina mti mrefu umelazwa juu yake. Wanaume wanauegemea ule mti kwa vifua, wanausukuma wanazunguka, wanazunguka, mpaka mise ilainike. Kutwa nzima kama ng'ombe.

Kwa hiyo vifua vyao vyote vina sugu. Mwingine ana uvimbe, mwingine ana alama nyeusi. Wao wanaita donge la mti. Likimsumbua mtu, anapasha mawese moto, anakandwa, kesho anarudi kusukuma.

Hakuna anayeenda hospitali kwa donge la mti. Atachekwa mpaka ahame mji.

Sasa, likaanza doa.

Doa dogo tu, upande wa kushoto wa shati, usawa wa chuchu. Rangi ya mawese yaliyokaa sana, wekundu uliochanganyika na kahawia.

Mke wa mkamua mawese anashangaa doa? Nguo zote za mume wangu zilikuwa na madoa! Nililisugua, nikaanika, nikaendelea na mambo yangu.

Wiki iliyofuata, shati jingine. Doa palepale.

Shati la Jumapili, ambalo halijawahi kusogea karibu na pipa... doa palepale!

"Baba Bariki, hili nalo umelipakaje mawese? Si ulilivaa kanisani?"

"Kifua kinabaki na mafuta," akajibu. "Hata nikioga hayaishi."

Nikakubali. Nani asingekubali?

Ila mengine yakaanza kuniwasha. Mwanaume aliyekuwa anatembea kifua wazi uani, siku hizi anaoga na kutoka kajifunika taulo mpaka shingoni. Joto la mtaani kwetu Katubuka mnalijua, lakini yeye analala na fulana! Nikimsogelea ananipa mgongo. Nikimkumbatia anashika mkono wangu na kuutoa.

"Hapo usiguse. Mti umenipiga."

"Mti gani huo unakupiga kila siku?"

Anavuta shuka.

Nyie wanawake wenzangu mnaosoma hapa, nani kati yenu asingefikiria mwanamke mwingine? Semeni ukweli!

Katikati ya hayo, wakaja wahudumu wa afya pale Katonga. Gari lina spika: akina mama, akina mama, njooni mchunguzwe matiti bure! Tukaacha dagaa kwenye vichanja, tukaenda kwa kusukumana.

Nesi alitufundisha vizuri, Mungu ambariki. Alikuwa na titi la bandia la mpira, akatushikisha donge lililofichwa ndani. Gumu, halitelezi.

"Na msingoje liume," akasema. "Mengi mwanzoni hayaumi kabisa. Ndiyo maana watu wanachelewa."

Nilipimwa, nikaambiwa niko salama. Nikarudi nyumbani nimechangamka. Jioni hiyo naweka ugali mezani huku namhadithia Castory kila kitu.

"Wanasema uangalie kama titi moja limebadilika umbo. Au ngozi imekuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Au kuna kidonda hakiponi. Na kwapani pia unashika, kunaweza kuwa na tezi."

Alikuwa anakata tonge, akaliacha kwenye sahani.

"Na chuchu ikiingia ndani?" akauliza.

"Ehee! Hiyo nayo ni dalili, kama zamani haikuwa hivyo. Na ikitoa majimaji au damu bila kuibinya. Umejuaje?"

"Nimeuliza tu."

"Sasa kesho nitampeleka na mama Gasper wa jirani, maana yeye..."

"Dalili hizo ni za akina mama tu, lakini?"

"Si ndivyo gari lilivyotangaza? Akina mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akanawa mikono. Chakula hakukimaliza.

Mungu wangu... Ningejua kwa nini anauliza, ningepiga kelele palepale mezani.

Baada ya hapo akaja Shadia. Huyu ni shosti wangu wa Ujiji, tunauza naye dagaa. Akanivuta pembeni ya vichanja.

"Shosti, usinichukie kwa nitakalokwambia."

"Sema."

"Mumeo namwona Kasingirima kila Jumamosi. Anaingia kwa mwanamke mmoja anaishi peke yake. Anakaa huko, akitoka anafunga vifungo vya shati. Wallahi nimemwona kwa macho yangu."

Doa. Fulana. Mgongo kitandani. Yote yakakaa sawa kichwani mwangu!

Jumamosi nikamwachia Shadia biashara, nikapanda bodaboda. Ndiyo nikausukuma ule mlango.

Sasa turudi kwenye bakuli.

Nililinyanyua, nalenga mgongo wa yule mwanamke...

Akageuka.

Jamani.

Upande wa kushoto alikuwa na ziwa kama mimi na wewe. Upande wa kulia... hakuna kitu. Kifua kilikuwa bapa, na kovu refu limetoka kwapani hadi katikati.

Bakuli likaniponyoka. Mawese yakanimwagikia miguuni, na sikusikia hata kama yana moto.

"Wewe ndiye Elida," akasema, anapandisha kanga bila haraka. "Naitwa Marcelina. Mimi ni wifi yako."

"Wifi gani? Castory hana dada! Ana kaka mmoja tu, Thobias!"

"Baba yao ndiye baba yangu. Mama yangu mtu wa Kalemie, Kongo, hakuolewa. Kwao hawanihesabu."

Nikamgeukia Castory. Akainamisha kichwa.

"Ni kweli. Thobias alikataza tusimtaje."

"Sasa mnafanya nini humu mmevua nguo?!"

Marcelina akanishika mkono. Akanivuta mpaka mbele ya mume wangu.

"Mimi namwonyesha nilivyokatwa, ili aache woga. Nilipata kadonge kadogo, hakaumi. Watu wakasema ni maziwa yameganda, nikandwe. Nikakataa, nikaenda hospitali, na leo unaniona. Huyu kila Jumamosi namwambia aende. Yeye anataka nimkande na mawese. Leo kapasha mwenyewe, nimekataa kumkanda, nilikuwa nalishika donge tu. Tazama mwenyewe."

Nikatazama.

Chuchu ya kushoto haikuwepo. Imezama ndani, imevuta na ngozi. Kuzunguka pale ngozi imekuwa nene, ina vishimo vishimo. Pembeni kidonda kimechimbika. Na kutoka pale ilipokuwa chuchu, yanachuruzika majimaji... mekundu yanayoelekea kahawia.

Kumbe nilikuwa nafua damu!

Miezi yote ile nasugua damu ya mume wangu kwa sabuni ya mche, nasema ni mawese.

"Uliniuliza kuhusu chuchu," nikasema. "Uliniuliza mezani..."

"Niliuliza."

"Mbona hukuniambia, Castory?"

"Ulisema ni za akina mama. Nikajua basi langu ni donge la mti." Akavuta pumzi. "Halafu ningemwambia nani? Mwanaume anaumwa ziwa? Kule kwenye pipa wangeniita mama."

Nililia mpaka nikakaa chini kwenye yale mawese. Mwanamke niliyekuja kumwunguza ndiye aliyenifuta miguu.

Jumatatu tukaenda hospitali, sote watatu.

Benchi la kliniki limejaa wanawake. Sisi tukakaa mwisho. Mlango ukafunguliwa, mhudumu akanitazama mimi.

"Mama, ingia. Baba asubiri nje."

"Mgonjwa ni yeye," nikasema.

Benchi zima likageuka! Dada mmoja akajiziba mdomo na mtandio, mabega yanamtikisika. Castory akasimama, akaanza kuondoka. Nikamdaka shati kwa nyuma mpaka kifungo kikaruka.

"Ukitoka hapa, mimi na wewe basi!"

Akarudi. Ila ule uso wake sitausahau.

Daktari alikuwa kijana, Dokta Leodgar. Hakucheka, wala hakushangaa. Alimpima kifua, akampima makwapa, akakaa muda mrefu kwenye kwapa la kushoto. Akachukua kinyama kidogo kwenda kupimwa. Tulipoitwa tena, akavuta kiti akakaa karibu yetu.

"Mzee Castory, ni saratani ya matiti."

"Mimi ni mwanaume, dokta."

"Mwanaume naye ana titi. Ni dogo, limelala chini ya chuchu, lakini lipo. Haiwapati wanaume wengi. Ila ikiwapata, dalili ni zilezile."

"Siyo mti?"

"Kugongwa na mti hakuleti saratani. Huo mti umewafanya tu msishtuke mapema."

Nikauliza swali ambalo kila mtu angeuliza.

"Anapona?"

Akatazama mikono yake.

"Angekuja lilipokuwa donge tu, ningekujibu tofauti, mama."

Halafu akauliza kama kuna mwingine kwao aliyeugua hivi. Castory akageuka, akamtazama Marcelina aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ndiyo. Dada yangu."

Marcelina alitoka nje akaenda kulia ukutani. Maisha yake yote hakuwahi kuitwa dada.

"Basi ndugu wote wa damu waje wachunguzwe," daktari akasema. "Wa kike na wa kiume. Kuna familia ugonjwa huu unapita kwenye damu."

Tukaandikiwa rufaa ya Mwanza. Niliuza vichanja, nikauza na kiwanja nilichokuwa nimeanza kukimwagia mawe. Basi likatutikisa mpaka Castory akawa anauma kanga yangu kwa maumivu ya mgongo. Mimi najua ni safari. Kumbe mgongo nao ulikuwa umeshaingiliwa. Na mapafu.

Kule walitwambia ukweli bila kuuzungusha. Haikatwi tena. Wangempa dawa za kupunguza kasi, na za maumivu, basi.

Tukarudi Kigoma.

Nilitaka niwaambie kwamba tuliomba na muujiza ukatokea. Tuliomba kweli. Kanisani walifunga kwa ajili yake. Hakuna kilichotokea. Aliendelea kuisha tu, mwanaume aliyekuwa anazungusha pipa, ikafika nambeba mimi kumpeleka uani.

Siku moja wenzake wa kwenye mti wakaja kumwona. Wakaleta dumu la mawese na mkungu wa ndizi. Castory akaniomba nimkalishe.

"Nataka niwaambie kitu," akawaambia. "Huu siyo ugonjwa wa kifua. Ni saratani ya titi. Nyie wenye madonge, nendeni mkapimwe."

Mmoja akatazama dari.

"Utapona kaka," mwingine akasema. "Ila hilo usimwambie mtu mwingine. Watu wabaya."

Wakaaga. Hawakurudi tena, hata mmoja! Na mpaka leo sijasikia aliyekwenda kupima.

Castory alifariki mchana, wakati nampoza uji. Niligeuka na kijiko, nikamwita, hakuitika.

Nikamwita tena.

Sina maneno mengine kuhusu hilo.

Msibani sasa. Hapa ndipo mdomo wangu ulipogombana na ukoo.

Thobias, kaka yake mkubwa, ndiye msemaji wa familia. Ni mtu anayeheshimika, ana mtumbwi wa mizigo unaokwenda Kongo na kurudi, kanisani anakaa mbele. Akasimama mbele ya jeneza, suti nyeusi, sauti nzito.

"Ndugu yetu amesumbuliwa na kifua kwa muda mrefu..."

Watu wakaitikia kwa masikitiko.

Nikasimama.

"Siyo kifua! Amekufa kwa saratani ya matiti, na aliniagiza niseme..."

"Shemeji, kaa chini."

"Aliagiza wenye madonge waende..."

"MJANE HASEMI LEO! Mkalisheni!"

Mashangazi wakanivuta kanga, mmoja kanishika kiuno, mwingine kaniziba mdomo kabisa. Nikakalishwa kwa nguvu mbele ya jeneza la mume wangu!

Wakasoma majina ya ndugu wa marehemu. Marcelina hakutajwa. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, nje ya turubai, juani.

Baada ya kuanua matanga wakaniita kikao. Eti nimemdhalilisha marehemu. Eti nimemfanya mwanamke mbele za watu. Eti na huyo dada wa kuokota nimemtoa wapi. Waliongea mpaka wakachoka. Thobias ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Ukilitamka tena hilo neno," akaniambia, "utaondoka kwenye nyumba ya ndugu yangu."

Nikanyamaza. Mimi Elida, nikanyamaza! Nilikuwa na mtoto, alihitaji pa kulala.

Mvua zikapita, jua likarudi. Nikarudi Katonga kuanika dagaa, sasa chini mchangani kwa sababu vichanja niliviuza.

Asubuhi moja nainama kugeuza dagaa, nikaona viatu vya ngozi kwenye mchanga. Nikainua macho.

Thobias.

"Shikamoo shemeji," nikasema. Adabu ni adabu.

"Marahaba."

Akasimama. Anatazama mitumbwi. Anatazama dagaa. Anajifuta jasho.

"Kama umekuja kunitoa nyumbani, sema tu," nikamwambia.

"Hapana. Shemeji... ile ya Castory... ilianzaje?"

Hasira zikanipanda mpaka kwenye nywele!

"Mbona unaniuliza mimi? Si ulitangaza kwamba ni kifua?"

Akatazama kushoto na kulia. Akanionyesha kwa kichwa nyuma ya banda la injini. Nikamfuata.

Akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kikamshinda. Nikamfungulia mimi.

Mungu wangu!

Chuchu ya kulia imevutwa ndani. Chini yake donge, ukubwa wa tunda la mchikichi. Nikalishika. Gumu, limenata, halisogei.

"Linauma?"

"Haliumi kabisa. Ndiyo maana nilijua si kitu."

"Tangu lini?"

Akaanza kulifunika na shati.

"Shemeji, nimekuuliza. Tangu lini?"

"Kabla ya msiba."

Nikaliachia lile donge.

"Kabla ya msiba... Kwa hiyo siku ile umesimama pale mbele, unasema kifua..."

"Nilikuwa nalo."

"Na kwenye kikao?"

"Nilikuwa nalo, shemeji."

Yule mzee wa kanisa, yule mwenye sauti nzito, akaanza kulia bila sauti kama mtoto aliyekatazwa kulia.

"Ningesema ugonjwa wa Castory, watu wangeanza kututazama vifua sote," akasema. "Ningewaambia nini? Nilipokwambia ukae chini, nilikuwa naogopa mimi. Siyo kwa ajili ya heshima ya Castory."

Nilitaka kumpiga. Nawaambia ukweli, mkono ulinyanyuka! Lakini nikaona macho yake. Yalikuwa macho ya Castory kabisa.

Nikamfunga vifungo, kimoja kimoja.

"Jumatatu asubuhi," nikamwambia. "Mimi, wewe na Marcelina. Tunakutana langoni pa hospitali. Labda kwako bado kuna nafasi. Daktari alisema likiwa donge tu, majibu ni tofauti."

"Na Marcelina?"

"Ndiyo, na Marcelina. Dada yako."

Akaitikia kwa kichwa. "Nitakuja. Ila usimwambie mtu. Hata mke wangu."

"Simwambii," nikaahidi.

Jumatatu tukafika, mimi na Marcelina. Tukasimama langoni. Watu wakaingia, wakatoka. Dokta Leodgar akatuona, akatuuliza tunamngoja nani. Tukasema ni ndugu, yuko njiani.

Jua likafika utosini. Nikampigia. Haipatikani.

Nikampigia mkewe, Catherine.

"Amevuka na mzigo kwenda Kalemie," akasema. "Aliondoka jana, ghafla tu. Kwani kuna nini, dada?"

Nilishindwa kusema. Niliahidi, jamani!

Huu sasa ni mwezi wa pili tangu aondoke. Watu wa mitumbwi wananiambia wamemwona Kalemie, wengine wanasema kapanda Uvira. Wanasema amekonda. Wanasema kuna mama mmoja huko anamkanda.

Nikisikia neno hilo, kukandwa, nachanganyikiwa.

Leo nimeamua kuivunja ahadi. Catherine, dada yangu, nisamehe kwamba unalisoma hapa, lakini nimekupigia mara ngapi na nikakosa ujasiri?

Na wewe mwanaume unayesoma hii huku unacheka, vua shati sasa hivi. Jishike chini ya chuchu, zote mbili, kisha makwapani. Ukikuta donge, usiulize kama linauma. Ukikuta chuchu imegeuka, au shati lina doa ambalo hulielewi, au kidonda kimegoma kupona, usipashe mafuta yoyote. Nenda hospitali ukapimwe. Si kila donge ni saratani, wengi wanaambiwa ni kitu kingine na wanarudi nyumbani. Lakini huwezi kujua kwa kukandwa.

Na wewe dada, unapojichunguza, mwangalie na unayelala naye. Hakuna gari la spika litakalomtangazia yeye.

Mwanangu ana damu ya ukoo huu. Akikua nitamwambia yote, bila kuficha, hata kama mashangazi wataniziba mdomo tena.

Najua nimelitaja jina la shemeji yangu hadharani. Nimelitaja kwa makusudi. Kikao kitakaa, nyumba nitanyang'anywa, na yeye mwenyewe atanichukia mpaka mwisho.

Na anichukie tu... ila anichukie akiwa hai.

Sina matumaini makubwa, nawaambia ukweli. Mimi nilimwona Castory, najua lile donge linakwenda haraka kiasi gani. Lakini kama kuna mtu yuko Kalemie au Uvira, akamwona mzee wa makamo anaitwa Thobias, anavaa viatu vya ngozi na shati limefungwa mpaka shingoni, amwambie kwamba hakuna atakayemcheka.

Mwambieni mimi na dada yake tuko langoni pa hospitali kila Jumatatu.